Mghoi na Mashahidi Wasiopewa Kitu

Dorcas Mghoi alipika katika shule ya bweni mjini Voi tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na mazoea ya jikoni hayakumtoka. Hakuweza kupika chakula cha mtu mmoja. Aliishi peke yake chini ya mlima wa Sagalla, lakini kila jioni alibandika sufuria ya kulisha watu sita, kisha akasimama mlangoni kutafuta hao watu sita. Aliyepita njiani na mtungi wa maji, aliyetafuta mbuzi wake, mwalimu aliyechelewa kutoka shuleni, wote waliitwa ndani. Kwa hiyo watu walimpenda, na yeye aliwapenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokuja kumletea shida alipotaka kuandika wosia.

Sababu ya kutaka wosia ilikuwa mumewe. Mwakio alikuwa fundi wa reli, mtu mpole asiyependa kuzungumzia kifo, na alipofariki hakuacha hata neno moja kuhusu shamba. Mghoi na watoto wake wawili, Obadiah na Susan, walipanda na kushuka ngazi za mahakama ya Voi miaka na miaka. Mara iliulizwa barua ya chifu, mara jaji alikuwa amehamishwa, mara akatokea shemeji ambaye hawakumwona hata kwenye matanga akisema sehemu ya shamba ni yake. Mwishowe hati miliki ilitoka kwa jina la Mghoi. Siku hiyo aliifunga kwa karatasi ya nailoni, akaiweka chini ya godoro, na akasema kwamba wanawe hawatapita njia ile tena kwa sababu yake.

Basi mwaka jana, baada ya mavuno ya asali, alivaa viatu vya kanisani akapanda bodaboda hadi Voi kumwona wakili. Wakili huyo ni Carolyne, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la pembejeo karibu na stendi. Mghoi alimfahamu kwa sababu alimlisha shuleni miaka minne, na Carolyne hakuwa amesahau. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai.

Walizungumza kwa muda mrefu. Carolyne alimweleza kwamba wosia si jambo la kuogopa. Anayeuandika lazima awe mtu mzima mwenye akili timamu, asiyelazimishwa na yeyote. Atautia sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mashahidi nao watatia sahihi zao mbele yake. Anaweza kuubadilisha wakati wowote angali hai. Na akiolewa tena, wosia wa zamani unakufa, inabidi aandike mwingine.

Mghoi aliweka kikombe chini akacheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Alisema hilo la kuolewa lisiisumbue karatasi, waendelee.

Akataja anachotaka. Shamba ligawanywe sawa kwa sawa kati ya Obadiah na Susan, na tangi la maji walitumie wote. Hapo wakili alidhani wamemaliza, kumbe ndiyo kwanza wanaanza. Sufuria kubwa, ile inayoazimwa na kijiji kizima kwa harusi na matanga, iende kwa Wakesho, rafiki yake wa kwaya. Redio apewe mlinzi wa zahanati, maana anakesha peke yake. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye uzio wa kuzuia ndovu, kila mmoja ulikuwa na mwenyewe. Kuku, viti, blanketi la sufi, jembe, cherehani, hata pazia la sebuleni lilipata mrithi. Carolyne aliandika kimya kimya. Karibu kila nyumba ya upande ule wa Sagalla ilikuwa imepata kitu.

Ndipo akamwambia sharti moja ambalo alikuwa hajalifikia. Shahidi asiwe mtu aliyepewa kitu katika wosia, wala mume au mke wa aliyepewa. Wosia wenyewe hautaharibika, lakini kile alichoachiwa kitabatilika, isipokuwa kama wapo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Akamshauri asijisumbue, karani wa ofisini na kijana wa duka la chini wanaweza kutia sahihi saa hiyo hiyo.

Mghoi alikataa. Wakati wa kesi ya shamba aliwahi kuona wosia wa mtu mwingine ukipingwa mahakamani, na mashahidi wake walikuwa wageni waliokwisha kuhamia kusikojulikana. Hakuna aliyeweza kusimama na kusema alimjua marehemu.

"Nataka watu wanaonijua sura," alisema. "Mtu atakayesema, ndiyo, huyu ni Mghoi, nilimwona kwa macho yangu, na alikuwa na akili zake."

Carolyne alimjibu kwamba ni haki yake, akamwambia awatafute wawili tu. Mghoi aliondoka akiwa na hakika kwamba kufika Jumapili atakuwa amewapata.

Alianza na Wakesho. Walikuwa wameimba sauti ya pili pamoja tangu walipokuwa wasichana, na alimwona ndiye mtu wa kwanza kufaa. Wakesho alifurahi sana kuombwa, mpaka alipoelezwa sharti. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kujua jibu, kama kulikuwa na kitu chake mle ndani. Mghoi hajui kusema uongo, akakiri ni sufuria kubwa. Wakesho alifikiri kidogo, akasema kwamba kwa kweli macho yake siku hizi si mazuri, na kutia sahihi kunataka mtu mwenye macho.

Kesho yake Mghoi alimwendea mchungaji, ambaye hakuwa amemwachia chochote. Mchungaji alisikiliza kwa upole, lakini alipoelewa kwamba anafaa kuwa shahidi kwa sababu hayumo, alitazama chini akaanza kukunja kona ya kitambaa cha meza. Mghoi alimwonea huruma. Alikumbuka jinsi mchungaji huyo alivyomzika Mwakio kwenye mvua bila mwavuli. Kabla hajamaliza chai alikuwa amemwachia mbuzi mweupe, na njiani kurudi akampigia Carolyne simu aongeze.

Mambo yakaendelea hivyo. Alimwendea mwalimu Austin, akatoka huko akiwa amemwachia meza. Alimwendea mama muuza mboga kwenye barabara kuu, akamwachia mzani. Kila alipomwona mtu akinywea usoni, moyo ulimshinda, na kila aliyefaa asubuhi alikuwa hafai tena mchana. Mwishowe Carolyne alimwomba kwa heshima asimtembelee mtu mwingine yeyote wiki hiyo.

Habari nazo zilikuwa zimeenea. Kule Sagalla watu walielewa jambo moja tu, kwamba anayeombwa kuwa shahidi ndiye aliyenyimwa. Wakawa wakimwona Mghoi anakuja wanapita njia ya pili. Wengine, wenye busara zaidi, walikuja nyumbani kwake wenyewe wakiwa wamebeba ndizi au mayai, wakakaa, wakamsifia afya yake, wakaondoka bila kusema walichojia. Mghoi aliwapikia wote.

Alibaki mtu mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na shaka kwamba hakuachiwa kitu. Huyo ni Kilonzo, jirani aliyehamia kutoka Ukambani zamani, mwenye boma ng'ambo ya mto mkavu. Miaka mingi nyuma, katika kiangazi kibaya, punda wake alikuwa akirudi na maji ya kutoka mbali alipopita karibu mno na uzio wa mizinga. Nyuki wakamvamia. Punda alikimbia mpaka karibu na barabara ya lami, na maji yote yakamwagika mchangani. Kilonzo alikuja akasema maneno, Mghoi naye akasema ya kwake, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Wakikutana kanisani kila mmoja alisoma ukuta.

Mghoi alizunguka na wazo hilo siku kadhaa. Lilimchoma, maana alijua kumwendea ni kukubali kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Asubuhi moja alijifunga kanga akavuka mto.

Alimkuta Kilonzo akitengeneza mlango wa banda la kuku. Alipomwona aliacha nyundo, akasimama. Mghoi alisema hodi, akaitikiwa karibu, na wote wawili wakashangaa jinsi lilivyokuwa jambo rahisi. Mkewe, Nthambi, alitoka jikoni akaleta kiti haraka, kama mtu anayeogopa mgeni atabadili nia.

Mghoi alieleza shida yake yote, kuanzia Wakesho na macho yake hadi mbuzi wa mchungaji. Kilonzo alisikiliza akiwa ameshika misumari mdomoni. Mghoi alipomaliza, Kilonzo aliitoa.

"Mama Obadiah," alisema, "mimi umeniachia nini?"

"Hata sindano sijakuachia, Baba Koki."

"Na hufikirii kuniachia?"

"Sifikirii."

"Basi mimi ndiye unayemtafuta."

Alicheka, na Mghoi akacheka, kicheko cha watu waliochoka kununa. Kilonzo akasema kwamba kwa hesabu yake ni yeye pekee katika Sagalla nzima mwenye uhuru wa kutia sahihi, na kwamba anaona fahari. Akamwonya tu asije akampenda ghafla na kumwandikia kitu, kwa maana watarudi mwanzo. Walikubaliana hivyo wakashikana mikono. Mghoi alimpigia wakili simu hapo hapo, akaifungua sauti ili wote wasikie habari njema.

Carolyne alifurahi, akauliza jina la shahidi. Aliposikia ni Kilonzo, karatasi zikasikika zikipinduliwa. Kisha akauliza kama huyo ndiye mume wa Nthambi. Akaambiwa ndiye. Basi, alisema, haitawezekana bila hasara, kwa sababu Nthambi ameachiwa mzinga, na mume akiwa shahidi mzinga utapotea.

Kilonzo alimgeukia mkewe polepole. Nthambi alikuwa akitazama kuku.

Ikabidi yatoke. Miaka yote ile ya kununiana, wanawake wale wawili walikuwa wakipelekeana vitu kupitia njia ya nyuma, maziwa huku, asali kule. Nthambi ndiye aliyekaa na Mghoi alipougua homa. Kilonzo alisikiliza akitikisa kichwa. Hakukasirishwa na siri hata kidogo, kilichomshtua ni ule mzinga. Aliuliza kama ni nyuki walewale waliomfukuza punda wake ambao sasa wanaletwa kuishi kwake, na mkewe akamjibu kwamba asali aliyokuwa akiilamba na mkate miaka yote ilitoka kwa nyuki walewale.

Mghoi alikuwa amejishika kichwa. Alimwambia Nthambi kwamba hajui tena la kufanya. Kumwondoa kwenye wosia hawezi, na shahidi mwingine hana.

Nthambi alisema lililokuwa moyoni mwake kwa upole, kama mtu anayeuliza bei. "Lakini Mama Obadiah, kwa nini nisubiri wewe ufe ndipo nipate mzinga huo? Mimi na wewe, nani anajua atakayetangulia? Nipe leo, nikuvunie asali, tule wote."

Mghoi aliondoa mikono kichwani. Baadaye alisema kwamba maneno hayo yalimpiga kama maji baridi. Alikuwa amepanga furaha ya watu wote wale, na katika mpango huo yeye peke yake ndiye asiyekuwepo kuiona. Wakesho angefurahia sufuria, na rafiki yake asingemwona akifurahi. Alimuuliza Carolyne, ambaye bado alikuwa kwenye simu, kama sheria inakataza mtu kutoa vitu vyake angali hai. Carolyne akasema kitu cha mtu ni chake, ampe amtakaye, na kikishatolewa hakimo tena kwenye wosia. Aliyekipokea si mrithi. Aliongeza, na sauti yake ilikuwa imeanza kutabasamu, kwamba mtu kama huyo anaweza kuwa shahidi bila wasiwasi wowote.

Jumamosi iliyofuata Mghoi aliita watu. Alipika pilau katika sufuria kubwa kwa mara ya mwisho ikiwa mali yake, na walipokwisha kula akaiosha mwenyewe, akaikausha kwa kitambaa, akamkabidhi Wakesho. Wakesho alilia kidogo, kisha akaibeba kichwani na kuzunguka nayo uani akiimba, na kwaya ikamfuata. Mlinzi wa zahanati alipewa redio akaiwasha papo hapo. Mwalimu Austin alibeba meza mgongoni, na Nthambi akaonyeshwa mzinga uliokuwa wake tangu siku hiyo. Mbuzi wa mchungaji alikataa kuongozwa, ikabidi avutwe na watu watatu, mchungaji akiwa mmoja wao.

Katikati ya shangwe hiyo ilifika bodaboda kwa kasi, na Obadiah akaruka kabla haijasimama. Alikuwa kazini Voi aliposikia kwamba mama yake anagawa vitu vyote vya nyumbani. Kwa mawazo yake, mtu anayefanya hivyo anaaga. Susan alikuwa amempigia kutoka Taveta akilia, akiuliza kama mama ameambiwa jambo hospitali na kuwaficha. Obadiah aliingia uani amekunjamana uso, akamkuta mama yake akicheza mbele ya redio ya watu, kanga imefungwa kiunoni.

Mghoi alimkalisha, akampa sahani, akamweleza yote tangu mwanzo. Alipomaliza, Obadiah alitazama sebule, ambayo ilikuwa imebaki na kiti kimoja na kalenda. Akauliza kwa sauti ya chini yeye na dada yake wamebakiziwa nini.

"Yenu yako kwa wakili, nayo hayabebeki kichwani," mama yake alimwambia. "Kula kwanza."

Akampigia Susan, na wote watatu wakazungumza mpaka Susan akaacha kulia na kuanza kulalamika kwamba hata yeye alikuwa akiipenda ile redio.

Wiki iliyofuata Carolyne alipanda Sagalla na wosia mpya, mfupi, wenye majina mawili tu ya kurithi. Mghoi aliwataka Kilonzo na Wakesho wawe mashahidi, na safari hii hakuna aliyeumwa macho. Hata hivyo watu wengine wengi walikuja wakisema nao wako tayari, kwa kuwa jambo lenyewe sasa lilikuwa la heshima. Carolyne alimwomba Obadiah na wote wasiotia sahihi watoke nje ya nyumba, ili baadaye mtu asije akasema mama alisukumwa. Obadiah alikwenda kukaa kando ya tangi, na Nthambi akamletea muwa wa kutafuna.

Ndani, wakili aliuliza maswali yake mbele ya mashahidi. Alitaka kujua mwaka, majina ya watoto, shamba liko wapi na linapakana na nani, na kama kuna mtu yeyote aliyemtisha au kumlazimisha. Mghoi alijibu moja baada ya jingine. Kwenye lile la mwisho alisema kuna waliomletea mayai, lakini mayai hayakumlazimisha, aliyala tu. Carolyne alimsomea wosia wote polepole kwa Kiswahili, kisha akampa kalamu.

Mghoi aliandika jina lake herufi kwa herufi. Kilonzo na Wakesho walimtazama akiandika. Kisha Kilonzo akatia sahihi yake akiinama chini kabisa, pumzi ameishika, na alipomaliza aliirudisha karatasi nyuma kuitazama kama mtu aliyepiga rangi mlango. Wakesho aliandika haraka, akaiweka kalamu juu ya karatasi lakini hakuondoa mkono.

"Wakili," alisema, "na ile sufuria?"

"Ile ni yako tangu Jumamosi, Mama. Haimo humu."

Wakesho akaachia kalamu.

Wosia umewekwa kwenye sefu ya ofisi ya Carolyne, na Obadiah na Susan wanajua ulipo. Yule shemeji wa zamani aliposikia shamba limegawiwa mtoto wa kike sawa na wa kiume alisema-sema kidogo sokoni, akaulizwa na Kilonzo kama anataka kumsikia shahidi akizungumza, akanyamaza.

Nyumba ya Mghoi haina vitu vingi siku hizi, na hilo limempa jambo ambalo hakulitarajia. Kwa miaka mingi alikuwa akikataa kulala nje ya kwake, akihofia wezi, na akiwaza kuku na mizinga. Mwezi wa nane alifunga mlango kwa kufuli dogo, akamwachia Nthambi funguo, akaenda Taveta kwa Susan akakaa wiki mbili. Susan alimpeleka hadi Chala, ziwa lililo ndani ya shimo la volkeno, wakatelemka kidogo kwenye ukingo, wakaketi juu ya jiwe kuliangalia ziwa. Mghoi, ambaye amebeba maji kichwani tangu utotoni, alilitazama muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatoa viazi vikuu vya kuchemsha alivyofunga kwa majani ya mgomba, vingi kupita kiasi, akaanza kuangalia huku na huku nani mwingine yuko karibu.